Njia ya Misafara na Njia ya Wauguzi

Kila mtu aliyekaa Unyanyembe aijua Kwihara, karibu na mji wa Tabora, penye tembe alimokaa Dakta Livingstone. Aliingia humo pamoja na Stanley mwezi wa Februari 1872. Stanley akarudi pwani mwezi wa Machi, naye Livingstone akangoja wapagazi wapya hata Agosti, kisha akashika njia asirudi tena. Habari hizo zafundishwa shuleni. Lakini liko jambo lisilosemwa sana, nalo ni hili: mzee huyo alikuwa tabibu mwenye ruhusa. Mwaka 1840, katika mji wa Glasgow, alisimama mbele ya watahini wa chama cha matabibu, wakampa cheti cha kutibu watu. Mwenyewe aliandika ya kwamba mtihani wake ulirefushwa, kwa sababu alibishana na watahini juu ya chombo cha kusikilizia kifua.

Je, hapo Kwihara cheti hicho kilikuwa na nguvu gani? Karatasi ya Glasgow haikumfungulia njia. Msafara uliopita katika nchi za watemi ulitoa hongo, nayo siku zile haikuwa rushwa bali ada ya njia. Kila nchi ilikuwa na ada yake, wala kulipa kwa mtemi wa nyuma hakukumfungua mtu kwa mtemi wa mbele.

Mwaka 1888 akaja tabibu wa namna nyingine, Adriano Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa Algiers, kisha akajifunza utabibu katika kisiwa cha Malta. Alishuka Unguja, akaenda bara, akafika Karema kando ya ziwa Tanganyika mwaka 1889. Akawatibu watu huko hata alipofariki mwaka 1956. Basi tangu zamani elimu ya kuponya imevuka bahari na mipaka.

Lakini ulimwengu ulianza kuuliza: mgonjwa atamjuaje muuguzi wa kweli? Mgonjwa amelala, hana nguvu ya kuchunguza. Kwa sababu hiyo nchi ya New Zealand ilitunga sheria mwaka 1901 ya kuandika majina ya wauguzi katika daftari moja, na Uingereza ikafuata mwaka 1919. Asiye na jina daftarini asijiite muuguzi aliyesajiliwa. Nasi Tanzania tunalo Baraza letu la Uuguzi na Ukunga.

Sasa tutazame safari ya kijana wetu aliyehitimu uuguzi, akafanya kazi katika hospitali ya Kitete, kisha akataka kufanya kazi Uingereza. Daftari la Tanzania halimwingizi katika daftari la huko. Hana budi kuomba upya. Kwanza baraza la huko, liitwalo NMC, hutaka kujua kwa hakika mtu huyu ni nani na alisoma wapi, na baraza la kwao lishuhudie ya kuwa jina lake ni safi. Pili, aonyeshe kwamba ajua Kiingereza. Wengi hufanya mtihani wa IELTS, ambao humtaka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kusema, na 6.5 katika kuandika. Tatu, hufanya mtihani wa kompyuta wenye sehemu mbili, moja ya hesabu za dawa, nyingine ya kazi ya uuguzi. Huu aweza kuufanya kabla ya kusafiri. Nne, afikapo Uingereza, hutahiniwa kwa vitendo katika vituo 10, na watahini humtazama jinsi anavyompima mgonjwa, anavyompa dawa, na anavyosema naye. Akiisha kushinda yote, ndipo jina lake huandikwa. Akienda Marekani njia ni nyingine: kila jimbo lina baraza lake, na mtihani wao huitwa NCLEX.

Wako wanaonung'unika wakisema, "Mbona hawaamini vyeti vyetu?" Nadhani jibu lapatikana kitandani mwa mgonjwa. Kosa dogo katika hesabu ya dawa laweza kuua, na dawa haiulizi muuguzi katoka wapi. Nasi hatungependa mgeni awachome sindano watoto wetu pasipo kuulizwa elimu yake. Mtihani si hongo ya mtemi. Ni ulinzi wa mnyonge.

Lakini liko swali lililo gumu zaidi. Muuguzi akiondoka, nani atabaki na mama ajifunguaye usiku kijijini? Mwaka 2010 mataifa, katika Shirika la Afya Duniani, yalikubaliana kanuni ya kwamba nchi tajiri zisiwavute wauguzi wa nchi zenye upungufu. Mwaka 2023 shirika hilo lilitaja nchi 55 za kulindwa, na Tanzania imo. Uingereza imeifuata orodha hiyo: mwajiri au wakala asije kwetu kuwatafuta watu, ila mtu aweza kuomba mwenyewe kwa hiari yake. Basi, wazazi, akija mtu nyumbani kwenu akiahidi kazi Uingereza na kudai fedha kwanza, jueni ya kuwa kanuni haiko upande wake.

Je, tuwazuie vijana? Sidhani. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri. Walibeba pembe hata pwani, wakaona bahari. Lakini wengi wao waliipima safari kwa majira ya mvua, ili warudi kulima. Hawakulaumiwa kwa kwenda, maana walirudi na nguo, na jembe lao lilikuwa likiwangoja. Anayetaka kwenda leo na aende kwa njia iliyo wazi, akiwa na vyeti vya kweli. Nasi tunaobaki tuihimize serikali na hospitali zetu ziwaajiri wauguzi wanaohitimu na kuwalipa kwa wakati, maana msafiri hurudi upesi mahali ambapo shamba lake halikuachwa kuwa pori.