Honda CG125 ya mzee imelala stoo? Kabla ya kuifufua, shika kadi kwanza

Kabla hujagusa spana, linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile za kwenye kadi. Zikipishana, simama hapo hapo. Usije ukamaliza hela kwenye chombo usichoweza kukiingiza barabarani.

Zikikubaliana, una bahati. CG125, iliyotoka mwaka 1976, haina cheni ya taimingi. Valvu zake zinasukumwa na vijiti, muundo uliotengenezwa kuwavumilia watu wasiopeleka pikipiki kwa fundi (yaani sisi). Wachina wengi wameiiga injini hiyo, ndiyo maana spea bado zinapatikana. Ila nenda dukani na ringi au gasketi ya zamani mkononi, maana si kila inayofanana inaingia. Kama upo Uchindile, fungua injini yote na uandike orodha kamili, ndipo ufunge safari ya Ifakara.

Tenki lina kutu? Mwaga petroli yote, tia kokoto na dizeli kidogo, tikisa, suuza. Likivuja, usilichomelee nyumbani: mvuke wa petroli hulipuka hata tenki likionekana tupu.

Ukibadili rangi, toa taarifa TRA, kwani rangi imeandikwa kwenye kadi. Na unapopiga msasa fremu, namba ya chasisi usiiguse.