Alama ya Msalaba Mahali pa Kazi

Leo twazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tunacho shingoni au kifuani wala hatukifikirii sana, yaani msalaba mdogo tunaouvaa tukienda kazini. Somo letu ni Wagalatia 6:14, ambapo Mtume Paulo akataa fahari nyingine yoyote isipokuwa msalaba wa Bwana.

Ukipita mjini Kitale asubuhi, au ukishuka kwenye stendi ya Bungoma, utaiona alama hiyo kila mahali. Karani wa duka la mbolea anayo kwenye mkufu. Dereva wa matatu ameitundika mbele ya kioo. Mama wa Mothers' Union ana beji yake, na ndugu wa Jeshi la Wokovu ana herufi S kwenye kola. Swali letu ni hili: mtu avaaye alama ya Kristo amewaambia nini watu anaofanya kazi nao?

Hapana budi turudi nyuma. Hapo mwanzo msalaba haukuwa pambo. Serikali ya Rumi iliutumia kuwaua watumwa na waasi hadharani, ili wengine waogope. Huko Roma, kwenye kilima cha Palatine yalipokuwa majumba ya Kaisari, mwaka 1857 uligunduliwa ukuta wenye mchoro wa dhihaka. Unaonyesha mtu msalabani mwenye kichwa cha punda, na karibu naye kijana aliyeinua mkono. Maandishi yasema kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Wataalamu wengi hufikiri kwamba vyumba vile vilikuwa vya vijana watumishi wa Kaisari. Basi huenda Alexamenos alichekwa na wafanyakazi wenzake. Mchoro hauonyeshi alama yoyote mwilini mwake, lakini wenzake walijua yeye ni wa nani.

Karibu mwaka 211, mwalimu Tertullian wa Carthage, katika Afrika ya Kaskazini, aliandika habari za askari mmoja Mkristo. Siku ya kupokea zawadi ya Kaisari, kila askari alivaa taji la majani kichwani. Huyu alilishika lake mkononi, kwa kuwa aliona desturi ile ni ya miungu. Wenzake wakamzomea. Alipoulizwa sababu, akajibu kwamba yeye ni Mkristo. Akavua mavazi ya askari, akatiwa gerezani. Hata Wakristo wengine walinung'unika kwamba amewaletea taabu kwa ajili ya jambo dogo la mavazi. Maneno hayo twayasikia mpaka leo.

Katika sehemu zetu pia alama zina historia. Ndugu zetu wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na kazi yao ikaenea hadi Bungoma. Wazee wa imani yao huko Uingereza, katika karne ya 17, waliziacha alama za nje. Lakini wenye maduka miongoni mwao walijulikana kwa jambo moja: walitaja bei moja kwa kila mteja, tajiri kwa maskini. Kwa upande mwingine, Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921, lilileta sare ionekanayo mbali. Na huko Musanda mwaka 1934 aliuawa Alfayo Odongo Mango, aliyekuwa shemasi wa Kanisa letu la Anglikana. Makanisa ya Roho yaliyotokana na kazi yake yanajulikana kwa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu. Wengine huvaa, wengine hawavai, na Bwana ni mmoja.

Je, mwajiri aweza kutuambia tuuvue? Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 32, yampa kila mtu uhuru wa kuionyesha dini yake, nayo yakataza mtu kunyimwa kazi kwa ajili ya imani yake. Uhuru huo ni wa jirani yetu Mwislamu pia, pamoja na kitambaa chake cha kichwa. Tukiutaka kwetu, tusimnyime yeye.

Hata hivyo uhuru una mpaka. Tarehe 15 Januari 2013, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, iliamua kesi za akina mama wawili wa Uingereza. Nadia Eweida, mfanyakazi wa shirika la ndege la British Airways, alikuwa amekatazwa kuonyesha msalaba mdogo juu ya sare. Haukumdhuru mtu yeyote, naye akashinda. Shirley Chaplin alikuwa muuguzi. Hospitali iliogopa kwamba mgonjwa angeuvuta mkufu wake, au kwamba ungegusa kidonda. Yeye akashindwa.

Tujifunze kwa wote wawili. Asimamaye karibu na mashine ya kusaga mahindi au kinu cha miwa aweza kunaswa na mkufu wake. Akiuvua kwa usalama hajamkana Bwana. Lakini akiuvua kwa sababu wenzake wanagawana cha wizi na msalaba unamwonea haya, huyo amekana.

Maana alama hii ni ahadi. Mkulima wa Trans Nzoia aletaye gunia lake la kilo 90 kwenye mzani hawezi kuusoma moyo wa mpimaji. Aweza tu kuuona msalaba wake, na akiuona, hutumaini kwamba kilo zitakuwa kilo. Mpimaji akimpunja, amemwibia mahindi, tena amemfundisha kutomwamini Kristo. Hasara ya mahindi yaweza kulipwa mavuno yajayo. Hiyo ya pili huchukua miaka mingi.

Basi, ndugu msikilizaji, kesho asubuhi ufungapo mkufu wako au ubandikapo beji yako, jiulize kama mikono yako itasema neno lile lile.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeuchukua msalaba mbele za watu bila kuona haya kwa ajili yetu, utufanye waaminifu dukani, shambani, ofisini na barabarani, ili wanaoiona alama yako kwetu wakuone wewe. Amina.