Mathenge Kandokando ya Mito

Wasikizaji, jioni ya leo nataka kuwasimulia habari za mti ulioletwa kwetu kwa nia njema, nao ukawa kama mgeni amfukuzaye mwenye nyumba. Huitwa mathenge. Asili yake ni nchi za Amerika, tangu Meksiko hata kaskazini ya Amerika ya Kusini.

Mwaka 1973 mbegu zake zililetwa Kenya kutoka Brazil na Hawaii, zikapandwa Bamburi, karibu na Mombasa, ili kufunika mashimo yaliyochimbwa mawe ya saruji. Mti ule ulishika hata mahali pale palipokuwa mwamba mtupu. Basi katika miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo, na Turkana, na Bura kando ya mto Tana. Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Nchi ilikuwa kavu, kuni zilikuwa haba, na mchanga ulikuwa ukipeperushwa na upepo. Mti usiokufa kwa kiu, wenye kuni nzuri na maganda matamu, nani angeukataa?

Walakini utamu ule ndio ulioueneza. Mbuzi na ng'ombe hula maganda, na mbegu nyingi hazisagiki tumboni. Hutoka nzima pamoja na mavi, zimekwisha kupata samadi yake. Kazi iliyobaki hufanywa na mto. Furiko huyachukua maganda, likayabwaga ukingoni mbali na mti mama, penye tope laini, nayo huota kana kwamba yamepandwa kwa mkono. Hivyo ndivyo mathenge ulivyozishika kingo za Tana na za Turkwel, mahali ambapo migunga iliwapa watu kivuli na mbuzi chakula. Hufanya kichaka cha miiba kisichopitika, hata ng'ombe waone maji wasiweze kuyafikia.

Tena yako mambo ya meno. Mbuzi akila maganda yale siku zote, sukari yake humharibu meno. Mwaka 2006 wenyeji wa Ng'ambo, karibu na Marigat, waliishtaki serikali, wakampeleka kortini mbuzi asiye na meno awe shahidi wao. Wako waliocheka. Mimi sikuona la kuchekesha, maana mbuzi asiyeweza kutafuna ni karo ya shule iliyopotea. Mwaka 2008 serikali iliutangaza mathenge kuwa gugu lenye madhara.

Hata hivyo makaa yake ni mazuri sana, na maganda yakisagwa huwa chakula chema cha mifugo, kwa kuwa mbegu hufa katika kusagwa. Lakini mtu akitaka kuuondoa shambani, asikate shina juu ya ardhi, kwani litatoa machipukizi mengi kuliko kwanza. Na achimbe, alikate chini ya udongo. Kisha mafuriko yakipungua apite ukingoni, aing'oe miche ingali midogo.