Sydney na safari ya kolesteroli ndani ya ini

John Cornforth, mzaliwa wa jiji la Sydney nchini Australia, alipoingia Chuo Kikuu cha Sydney akiwa na umri wa miaka 16 hakuweza kuisikia mihadhara ya walimu wake. Masikio yake yalikuwa yameanza kupoteza nguvu tangu utotoni, na haukupita muda mrefu akawa kiziwi kabisa. Alichagua kemia kwa sababu ni somo aliloweza kulifuata kwa vitabu na kwa kazi ya mikono. Chuoni hapo alifahamiana na Rita Harradence, mwanakemia mwenzake, aliyekuwa amevunja chupa yake ya maabara. Cornforth, fundi hodari wa kuunga kioo kwa moto, aliitengeneza chupa hiyo. Mwaka 1939 wote wawili walipata ufadhili wa kwenda kusoma Oxford, Uingereza, na mwaka 1941 wakaoana.

Ni huko Uingereza ambako Cornforth, kwa ushirikiano na George Popják, mzaliwa wa Hungary, alifuatilia jinsi mwili unavyoitengeneza kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu. Walitumia ini la panya na kemikali iliyotiwa alama ya mionzi, kisha wakatazama kila chembe ya kaboni imekwenda kukaa wapi. Kolesteroli moja ina chembe 27 za kaboni, na zote zinatokana na kitu duni kabisa: asidi ile ile iliyomo katika siki. Mwaka 1975 Cornforth alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Vladimir Prelog.

Kazi hiyo ilisaidia kufafanua jambo ambalo hadi leo watu wengi hawalitambui. Kolesteroli si uchafu unaotoka kwenye sahani ya chakula tu. Ini lenyewe ni miongoni mwa viwanda vyake vikuu, na bila kolesteroli hakuna utando thabiti wa seli, hakuna nyongo wala homoni kadhaa muhimu.

Hata hivyo, kwa miaka mingi hofu yote ilielekezwa kwenye moyo na mishipa ya damu. Ini lilisahauliwa, au lilihusishwa na ulevi. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 20 ambao maini yao yalifanana na ya walevi ilhali hawakuwa walevi. Mtu wa Mombasa au Muscat ambaye hajawahi kuonja pombe, kisha akaambiwa ini lake limejaa mafuta na kuanza kupata makovu, anajua maana ya kutazamwa kwa jicho la shaka, hata na jamaa zake.

Swali lililobaki ni hili: kwa nini ini moja hubeba mafuta kwa miaka bila madhara makubwa, na jingine huharibika? Miongoni mwa waliolifuatilia ni Geoffrey Farrell, aliyefanya kazi katika hospitali ya Westmead, magharibi mwa Sydney, kabla ya kuhamia Canberra. Katika utafiti wa panya wanene wenye kisukari, uliochapishwa mwaka 2011, kundi lake lilionyesha kwamba insulini inapozidi, ini huendelea kuvuta kolesteroli kutoka kwenye damu, huku njia ya kuitoa kupitia nyongo ikififia.

Kwa kawaida seli ya ini huifunga kolesteroli ya ziada pamoja na mafuta mengine na kuihifadhi katika vitone vidogo. Inapozidi uwezo huo, ile isiyofungwa hupenya katika utando wa mitokondria, yaani mitambo midogo inayoipatia seli nguvu. Utando hukakamaa, na kinga inayopaswa kuingia humo, glutathioni, hupungua. Mitambo huharibika na seli hufa. Utafiti mwingine wa kundi hilo, wa mwaka 2014, ulieleza kinachofuata: seli inayokufa humwaga protini inayoamsha seli za kinga zilizo jirani, na uvimbe huanza. Uvimbe huo ukidumu huleta kovu, na kovu likitapakaa ini husinyaa.

Kwa panya, dawa za kupunguza kolesteroli ziliyarudisha nyuma madhara hayo. Kwa binadamu jambo hilo halijathibitishwa, na kupunguza uzito bado ni msingi wa matibabu.

Mwaka 2020 wataalamu wa Westmead, Mohammed Eslam na Jacob George, wakiungwa mkono na wenzao wa nchi nyingi, walipendekeza ugonjwa huu usiitwe tena kwa kutaja pombe, bali kwa kutaja hitilafu ya mwili katika kutumia chakula. Jina lao halikukubaliwa na wote. Mwaka 2023 vyama vikubwa vya madaktari wa ini vilichagua jina jingine, lakini neno pombe liliondolewa.