Nyota zinazotoroka galaksi

Nyota inayotoroka galaksi ni ile yenye kasi kubwa kiasi kwamba mvutano wa galaksi yake hauwezi kuizuia. Jack Hills alizitabiri mwaka 1988. Ya kwanza ikatambuliwa 2005.

Mfano mashuhuri ni S5-HVS1, iliyotangazwa 2019. Hukimbia kilomita 1,755 hivi kwa sekunde: safari ya Iringa hadi Mbeya, takriban kilomita 330 kwa barabara, ingeimaliza chini ya robo sekunde. Yaelekea ilikuwa na pacha wake. Miaka milioni 5 hivi iliyopita zilisogelea shimo jeusi katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe. Likanasa moja, likairusha nyingine.

Jioni za Agosti, kundinyota la Mshale, kilipo kitovu hicho, hupanda juu sana angani Nyanda za Juu Kusini. S5-HVS1 yenyewe, katika Kuruki, huhitaji darubini.