Mgeni wa Kaskazi na Mgeni wa Hoteli

Hapo kale mtu aliyeshuka Mombasa hakuuliza hoteli iko wapi. Aliuliza nyumba ya mwenyeji wake. Sababu yake ni pepo. Majahazi ya Bara Arabu na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yapata Desemba hadi Machi, wala hayakuweza kurudi mpaka kusi ivume. Basi tajiri na nahodha wake walikaa miezi, si siku. Wahenga waliosema mgeni siku ya tatu apewe jembe, nadhani hawakumkusudia huyu.

Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Tangier, alipita pwani hii mwaka 1331. Ameandika kwamba chombo kilipotia nanga Mogadishu, vijana walikiendea kwa mashua, kila mmoja na chakula kilichofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mgeni asiyeuzoea mji hushukia kwake tu, na mwenyeji ndiye amuuziaye na kumnunulia. Aliyemwuzia mgeni kitu pasipo mwenyeji kuwapo, biashara yake ilihesabiwa batili. Twaona kuwa ukarimu huo haukuwa sahani ya wali tu, ulikuwa dhamana. Mombasa kwenyewe Ibn Battuta alilala usiku mmoja, akaendelea Kilwa. Lakini nyumba za Mji wa Kale, zenye baraza za mawe mlangoni, zaonyesha mahali ambapo mgeni alipokewa na bei kuzungumzwa, kabla hajakaribishwa ndani.

Meli za moshi hazikungoja pepo. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani mwaka 1901. Abiria wa Ulaya alishuka leo, na kesho apanda treni kwenda bara. Mtu wa usiku mmoja hana haja ya mwenyeji. Ataka chumba, chandarua na maji ya kuoga, naye hulipa. Ndipo Africa Hotel ikafunguliwa katika Mji wa Kale, na baadaye kidogo Castle ikasimama Kilindini Road, njia iitwayo leo Moi Avenue: jengo jeupe lenye matao, likitazama barabara. Siku zile wakubwa walisafiri kisiwani kwa vigari vyenye kivuli, vikisukumwa na watu juu ya reli nyembamba.

Lakini hoteli kubwa za Kenya zilimgeuza mwenyeji kuwa mgeni. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa nyuma, kama mpishi, dobi au mtumishi wa mezani mwenye kanzu nyeupe; kuketi kwenye meza hiyo alikatazwa. Ubaguzi huo ulianza kulegea katika miaka ya 1950 tu, karibu na Uhuru wa 1963. Fikirini basi: mzee ambaye jamaa zake walilisha wageni wa kaskazi vizazi na vizazi, hakuweza kununua kikombe kimoja cha chai katika hoteli ya mjini mwake!

Neno lenyewe, hata hivyo, halikuzuiwa mlangoni. Lilitoka likaenda Majengo na Mwembe Tayari, likapata maana nyingine. Kwa watu wa Mombasa, hoteli ni mahali pa chai ya maziwa, mahamri na mbaazi, ambapo yeyote huketi. Kitanda hutafutwa kwingine.