Kipimajoto cha Njia ya Tabora

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa kupitia Tabora hukumbukwa kwa pembe za ndovu, watumwa na wapagazi wa Kinyamwezi. Ilipitisha pia vyombo vya kupimia nyota na joto, na historia ya vyombo hivyo inathibitisha kwamba kipimo kisicho na cha kulinganishwa nacho ni ushahidi nusu. Wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kaze, Tabora ya leo, Novemba 1857. Mwaka uliofuata walichemsha maji kwenye Ziwa Tanganyika wakasoma joto lake, kwa kuwa kadiri mahali panavyoinuka ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Walipata kimo cha futi 1,844, karibu mita 562. Ziwa liko mita 773 hivi. Kosa lisilofika nyuzi moja ya Selsiasi lilitosha kulishusha ziwa zaidi ya mita 200.

Wenyeji wa Uvira, kaskazini mwa ziwa, walikuwa wamekwisha kuwaambia kwamba mto Rusizi unaingia ziwani. Hata hivyo, mwaka 1864 Burton alidai kwamba unatoka na kupeleka maji katika Nile. Kimo cha ziwa walichokipima hakikuaminika, kwa hiyo hakikuweza kumzuia. Mwaka 1871 wavumbuzi Livingstone na Stanley walifika mdomo wa Rusizi wakaona unaingia. Wapo watakaosema kwamba neno la mwenyeji si kipimo. Ni kweli, lakini kipimo nacho huhitaji shahidi. Mwanaastronomia William Herschel alipogundua joto lililo nje ya rangi nyekundu mwaka 1800, aliweka vipimajoto vingine kando ya mwanga ili apate cha kulinganisha. Vyombo vya kupimia joto hilo, yaani infraredi, kwenye darubini za leo hufuata kanuni hiyohiyo: anga na darubini yenyewe hutoa joto, kwa hiyo nyota hupimwa pamoja na anga tupu iliyo jirani, kisha joto la anga huondolewa.

Mwaka 1873 watumishi wa Livingstone, Chuma, Susi na wenzao, walifikisha Kwihara, jirani na Tabora, mwili wake pamoja na vyombo vyake. Mvumbuzi Mwingereza Verney Cameron alichukua sehemu kubwa ya vyombo hivyo, na mwaka 1874 akaufikia Lukuga, mto unaotoka ziwani kwenda magharibi. Hapo pia mkuu wa mahali alimweleza kwamba watu wake waliufuata hadi mto Lualaba. Itajibiwa kwamba mpagazi alibeba tu, hakusoma namba. Lakini bila mabega yake kusingekuwa na namba ya kusomwa, na bila ushahidi wa wenyeji namba hiyo ilipotosha. Wanaofundisha historia ya Tabora wawahesabu wapagazi na wenyeji hao miongoni mwa waliopima ziwa.